Mteremko wenye changarawe: kabla hujaokota mawe, angalia yamekaaje

Mkuu, kwa wale wanaoingia sasa nifupishe swali lako kwanza: una mteremko wa malisho eneo nusu kame, juu pamejaa changarawe, majibu ya maabara yanasema rutuba ipo ya kutosha lakini majani hayadumu, mvua ikikata kidogo tu pamekauka, na sasa unataka kutafuta vibarua waokote mawe yote ili upande nyasi. Usiokote, angalau sio sasa hivi. Mimi nimechunga kwenye miteremko ya hivi tangu mdogo alafu ukubwani nikafanya sana kazi ya kuchimba mashimo ya kuangalia udongo, na kitu ninachokiona kila mara ni watu kuhesabu mawe wakati jambo kubwa ni yamekaa wapi na yamekaaje.

Tuanze na hiyo karatasi ya maabara maana ndo imekuchanganya. Maabara wakipokea sampuli yako wanaikausha, wanaichekecha kwenye chekeche la milimita 2, kilichopita ndo wanakipima, kilichobaki juu ya chekeche kinatupwa au kinapimwa uzito tu. Kwa hiyo naitrojeni (kirutubisho cha mimea) iliyoandikwa kwenye karatasi, tuseme 0.1%, ni ya ule udongo laini peke yake, sio ya shamba. Chukua hekta moja, kina cha sentimita 20, udongo laini wa kawaida wa kilo 1.3 kwa lita: hapo una tani 2,600 za udongo, naitrojeni kilo 2,600, safi kabisa. Sasa weka changarawe 40% ya ujazo, hizo kilo zinashuka mpaka 1,560 na karatasi haijabadilika hata nukta. Maabara hawajakudanganya, ila wamejibu swali ambalo sio lako.

Na hiyo 40 lazima iwe ya ujazo, hapa wengi wanachanganya. Jiwe ni zito, karibu kilo 2.65 kwa lita moja ya jiwe lenyewe, kwa hiyo changarawe ya 40% kwa ujazo ukiipima kwenye mzani inakuja karibu 58%, mtu anashtuka anadhani hana udongo kabisa. Njia rahisi ya kupima ujazo: chimba shimo la ukubwa wa ndoo, udongo wote uweke pembeni usipotee, tandika nailoni laini ndani ya shimo ujaze maji kwa chupa ya lita moja huku unahesabu, ndo ujazo wa shimo. Alafu chekecha ule udongo, changarawe ioshe, izamishe kwenye ndoo iliyojaa maji mpaka mdomoni, maji yanayomwagika ndo ujazo wa changarawe. Shimo la lita 10, maji yaliyomwagika lita 4, umemaliza, hakuna haja ya mtaalamu. Kwenye vipimo vinavyotumika sana, changarawe ni kuanzia milimita 2 mpaka kama 75, juu ya hapo ni mawe, na udongo unaanza kuitwa wa changarawe ikifika 15% ya ujazo, ikipita 35 ni wa changarawe nyingi, ikipita 60 ni balaa lingine.

Upande wa maji hesabu ni ileile. Udongo tifutifu wenye mchanga unaweza kuweka kama milimita 120 za maji ya kutumika na mmea kwa kila mita moja ya kina. Kwako kina cha mizizi tuseme nusu mita, zinakuwa 60, toa 40% ya changarawe zinabaki 36. Majani yakiwa yamechangamka kwenye jua kali yanaweza kunywa milimita 5 kwa siku, sasa 36 gawa kwa 5 uone, ni wiki moja tu. Ndo maana mvua ikikata pamekauka, sio mbegu wala sio laana. Isipokuwa mawe yenu yawe laini yenye vitundu, mwamba uliooza au chokaa laini, hayo nayo yananyonya maji kidogo, lakini jiwe jeupe gumu la kung'aa halikupi kitu.

Ila kuna upande wa pili ambao wanaochukia changarawe hawausemi. Mvua ileile ikinyesha kwenye udongo wenye mawe inazama chini zaidi, kwa sababu nafasi ya kujaza ni ndogo; kwa hiyo 40% yako maji yanafika kina cha kama mara 1.7 ya ambacho yangefika bila mawe, mradi tu yameingia. Na maji yaliyozama chini jua haliyafikii. Mwaka 1973 mwanaikolojia Imanuel Noy-Meir aliandika kuhusu hili, kwamba sehemu kame udongo wa chembe kubwa unaweza kubeba mimea mingi kuliko mfinyanzi, wakati sehemu za mvua nyingi ni kinyume chake. Nimeona sana vichaka vya miiba vimesimama kijani kwenye changarawe huku bonde la mfinyanzi chini limepasuka limekauka. Lakini angalia nani anafaidi, maji ya chini ni ya mwenye mizizi mirefu, kwa hiyo mteremko wa namna hii ukichunga sana ukamaliza majani, vichaka ndo vinachukua nafasi na kuvirudisha nyuma ni kazi.

Sasa tuje kwenye mawe ya juu, hapa ndo nataka utulie. Mawe ya juu yapo ya aina mbili kwa tabia. Kuna jiwe lililokaa tu juu ya udongo, ukilisukuma kwa kidole linasogea, chini yake udongo ni laini, una vitundu, una unyevu kuliko pembeni, pengine na mdudu. Hilo ni rafiki, linapokea tone la mvua badala ya udongo kupigwa, linapunguza jua kunyonya maji, na maji yakishuka pembeni yake yanakuta mlango uko wazi. Alafu kuna jiwe lililozama kwenye gamba, yaani udongo wa juu ulioganda ukaziba, kulitoa mpaka uchokoe kwa kisu na likitoka linaacha shimo lenye umbo lake. Hilo linafanya kinyume, jiwe lenyewe halipitishi maji na gamba lililoziba kati ya jiwe na jiwe halipitishi pia, mvua inateleza yote kama kwenye bati. Idadi ya mawe inaweza kuwa sawasawa sehemu zote mbili, moja inakunywa mvua nyingine inaitema. Kwa hiyo mtu akikwambia kaona mteremko una mawe 50% juu hajakwambia chochote.

Yanazamaje? Kwa nilivyoona mimi sababu kubwa ni sehemu tupu bila majani, matone yanavunja udongo, vumbi laini linaziba vitundu, kisha mifugo inapita udongo ukiwa umelowa na kwato zinashindilia mawe ndani. Sasa ukiokota yale yaliyolegea unaacha udongo laini uchi, mvua mbili tatu za nguvu zinabeba ule laini, changarawe ya chini inajitokeza, unaanza kuokota upya. Safari hii na udongo umepungua.

Pia zunguka mteremko wenyewe usiangalie sehemu moja. Kwenye mgongo na bega la mlima udongo ni mwembamba na changarawe nyingi, chini mguuni udongo laini unajikusanya na kina kinaongezeka. Mpangilio huu wa udongo kubadilika kutoka juu kwenda chini mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne aliueleza mwaka 1935 akiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Tanganyika, na mpaka leo dunia nzima wanautumia, hilo huwa linanifurahisha. Kwa hiyo sampuli moja ya katikati haikuambii ya juu wala ya chini, chimba angalau sehemu tatu. Na usitumie bomba la kuchimbia udongo, litagonga jiwe utadhani umefika kwenye mwamba, tumia sururu na mtaimbo ufungue shimo kabisa.

Ukiwa shimoni geuza mawe uangalie tumbo lake. Kama chini yana utando mweupe, dondoshea siki, ikitoa povu hiyo ni chokaa iliyoshuka na maji ikaganda pale maji yanapoishia. Ni dalili kwamba mvua kwa kawaida haipiti sana kina hicho, na kama chokaa imeshikana mpaka sururu inadunda basi mizizi ya majani nayo imeishia hapo, ile nusu mita niliyokuwekea kwenye hesabu inaweza kuwa robo. Chokaa nyingi inabana fosforasi pia, usishangae mbolea ukimwaga haijibu.

Kitu kingine, changarawe juu sio lazima iwe mmomonyoko. Kuna sehemu imekaa hivyo miaka na miaka. Mmomonyoko wa sasa utauona kwenye vishina vya majani vilivyosimama kwenye vijukwaa vya udongo, mizizi iko nje, na mawe yenye rangi mbili, juu imepigwa jua na chini bado ina rangi ya udongo wakati imeshatoka nje. Na ukikuta kinyume, udongo laini juu alafu mstari wa mawe chini, mara nyingi ni mchwa hao, wanapandisha chembe ndogo mawe hawayawezi yanabaki chini. Kichuguu kilichobomoka ukikikuta kwenye mteremko wako usikisawazishe, hapo ndo pana udongo mzuri.

Cha kufanya: mawe makubwa tu, sio changarawe, yapange mistari kufuata kontua, yaani kukatiza mteremko kwa usawa mmoja, mistari mifupi mifupi upande wa juu wa zile sehemu tupu, yazame kidogo chini ili maji yasipite chini yake. Udongo laini na mbegu vitakwama hapo vyenyewe. Sehemu zenye gamba vunja kwa jembe kidogo kidogo, matawi ya miiba juu yake yazuie ng'ombe, na usipeleke mifugo mlimani udongo ukiwa bado umelowa. Trekta usiingize kabisa. Na jiwe la chumvi la kulamba mifugo lisiwekwe bega la mlima, liweke chini mguuni kwenye udongo mnene ndo wakanyage huko.

Ukishachimba weka hapa kina, ujazo wa changarawe kwa kila shimo na kama siki imetoa povu, tuendelee na aina ya nyasi.