Kisu kinakuwa butu kwa samaki watatu: tatizo ni moto, si chuma

Mkuu, umesema umeshatengeneza visu vinne, vinang'aa, mipini ya mninga imekaa vizuri, ila kila kimoja kikifika samaki wa tatu kimeshakuwa butu, na sasa unataka kuagiza chuma kutoka nje. Usitoe hela kwanza. Mimi nimepita hapo hapo.

Kazi naifanyia uani, hapa Mabatini, Mwanza, mwaka wa saba huu. Visu vyangu vya mwanzo nilivitoa kwenye nondo. Dada mmoja anayepasua samaki pale soko la Mwaloni alichukua kimoja akijaribu, na kabla jua halijawa kali akanirudishia: "Kaka, hiki kinateleza juu ya magamba tu." Iliniuma, lakini alisema kweli. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo mno, hata uipashe moto na kuichovya mara kumi haikazi, yaani haiwi ngumu. Springi bapa za gari ndizo za kutafuta kwa wauza skrepa. Nyingi zina kaboni kama asilimia 0.6, inatosha kabisa. Kagua nyufa, maana springi iliyochoka huwa imeanza kupasuka. Na ukiletewa kipande cha reli ukifanye fuawe, kikatae, ile ni mali ya umma. Mimi nafulia chuma juu ya kipande cha ekseli ya lori nilichokikita kwenye gogo.

Sasa moto. Kisu changu cha kwanza cha springi nilikichovya kwenye ndoo ya maji. Nikasikia "tii", mlio mdogo kama kijiko kikigusa glasi. Nilipokifuta, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umepanda kutoka kwenye makali hadi katikati ya ubapa. Siku tatu za tupa zikaishia hapo. Maji hupoza haraka mno kwa chuma cha aina hii. Tumia mafuta ya alizeti, uyapashe kwanza yawe ya moto kiasi, nyuzi 50 hadi 60. Oili chafu ya gari iache, moshi wake ni sumu.

Jiko la mkaa na feni ndogo vinatosha. Moto wa mkaa na mivukuto ndio waliotumia wahunzi wa Buhaya, kule Kagera, kuyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, sembuse wewe unayetaka kukipasha tu. Fanya kazi hii giza likishaingia. Mchana rangi inakudanganya, unaona chekundu hafifu kumbe kimeshapitiliza. Weka sumaku karibu. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Ongeza moto kidogo juu ya hapo, rangi iwe nyekundu inayoelekea chungwa, ndipo uchovye. Ncha itangulie, kikiwa wima, usikitikise pembeni kwa sababu hapo ndipo kinapopinda. Kabla ya siku hiyo, kipashe hadi sumaku ikatae na ukiache kipoe hewani, mara tatu, chembe za chuma zirudi kuwa ndogo. Na makali usiyamalize kwanza. Yabaki na unene wa kama milimita moja.

Kikitoka kwenye mafuta, pitisha tupa. Ikiteleza kama juu ya kioo, kimekaza. Lakini usikitumie, maana kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande. Lazima kilegezwe kidogo. Mimi sina oveni, natumia sufuria ya mchanga kama wanavyokaanga karanga. Kisafishe kwa msasa kipande king'ae, kifukie mgongo chini, makali juu, uangalie rangi. Ikianza njano ya nyasi kavu, uko kama nyuzi 200 na kitu, kitoe, kikipoa rudia. Ikifika bluu umepitiliza, makali yatakuwa laini, kazi inaanza upya.

Nadhani hapa ndipo unapoharibu, kwa sababu umesema unamalizia kwa grenda. Ukiona bluu kwenye makali wakati wa kusaga, ugumu wa sehemu ile umekwisha hata kama moto wote ulikuwa sahihi. Shika kisu mkono mtupu. Ukihisi joto, chovya kwenye maji, endelea. Mwisho malizia kwa jiwe la maji, taratibu. Miwani ya macho vaa kila mara, hili silijadili na mtu.

Visu vya sato fanya vyembamba vinavyonesa. Vya sangara viwe na mgongo mnene, mifupa yake haina huruma. Chuma hiki kinashika kutu, kwa hiyo mwambie mteja akifute na kukipaka mafuta ya kupikia jioni.

Chukua basi kimoja kati ya hivyo vinne, pitisha tupa kwenye makali, kisha pitisha karibu na mpini. Ikiteleza karibu na mpini ikang'ata kwenye makali, grenda ndiyo iliyokuponza. Iking'ata kote, niambie chuma ulikitoa wapi na ulikichovya kwenye nini.