Usiache Maji ya Chemchemi Yapotee Usiku

Wiki hii msomaji mmoja wa Lushoto ameniandikia. Ana ekari mbili na chemchemi iko juu ya shamba lake, lakini maji ya mfereji yananywewa na udongo kabla hayajafika katikati. Anauliza anunue pampu gani. Ndugu yangu, usinunue pampu. Maji unayo, ila unayaacha yaende zake usiku ukiwa umelala.

Shamba langu liko milimani Same. Nalima tangawizi na maharage, na chemchemi yangu ni nyembamba: mwezi wa kumi, kiangazi kikikaza, ndoo ya lita 20 hujaa kwa sekunde 40. Wengi wakiyaona maji hayo hugeuza njia. Mimi nilipiga hesabu. Hiyo ni nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa saa 24. Ekari moja ya mazao yaliyostawi, siku ya jua kali, hutaka kama lita 20,000. Nalima ekari moja na nusu. Kinachobaki ni cha walio bondeni.

Wazee wetu Wapare walilijua hilo zamani, wakachimba ndiva: bwawa linalojaa usiku kucha, asubuhi unazibua tundu, maji yanatoka kwa nguvu na kukimbia hadi tuta la mwisho. Mkondo mwembamba haufiki huko hata ukiuacha kutwa nzima. Ndiva yangu ina urefu wa mita 5, upana mita 4 na kina mita 1.2, na inabeba maji yote ya usiku.

Nilipoanza kuichimba, mjomba wangu alisema mbele ya wakwe zangu kwamba nawachimbia watoto wangu kaburi la umaskini. Neno lile bado liko kifuani. Kiangazi kilichopita mashamba ya jirani yaliungua, tangawizi yangu ikasimama kijani, na mjomba yuleyule akamtuma mtoto kuja kuomba zamu ya maji. Nikampa. Maji hayanyimwi mtu. Lakini aliponipita njiani hakuniangalia usoni, nami nilitamani aniangalie.

Vijana wenzangu, tuacheni kusubiri mradi wa wafadhili wakati maji yanapita mlangoni! Na jicho la chemchemi liheshimuni. Usilichokoe kwa jembe, maji yatatafuta njia nyingine. Jenga chemba ya mawe mbele yake, na bomba la kutolea liwe chini ya usawa wa jicho ili maji yasirudi nyuma. Ng'oa mikaratusi yote iliyo karibu, inakunywea maji, mikuyu iache. Sheria inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo ndani ya mita 60 zake, kwa hiyo anayelima hadi mdomoni mwa chemchemi anavunja sheria na anakata riziki yake mwenyewe.

Kibali pia ni lazima. Sheria ya maji ya 2009 inakitaka kwa umwagiliaji, na kwa sisi wa huku kinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Siku mgogoro wa maji ukizuka, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Wewe wa Lushoto, ngoja mwezi wa kumi upime kwa ndoo kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Maji ya mwezi wa nne yanadanganya.