Muulize Mtoto Kwanza: Nilichokiona kwenye The Winslow Boy

"Baba, mimi hukuniuliza."

Mwanangu alisema hivyo polepole, macho yakiwa kwenye runinga. Nilikosa la kujibu.

Miaka mitatu kabla ya jioni ile alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Shilingi 20,000 zilipotea sandukuni kwa mwenzake, mtu akadai alimwona bwenini wakati wa vipindi, nikapigiwa simu nikamchukue. Nilifika nimejaa hasira na aibu, nikamzaba kofi mbele ya mwalimu wa nidhamu kabla hajafungua kinywa. Wiki mbili baadaye daftari la zahanati ya shule lilionyesha kuwa saa ile alikuwa amelazwa kwa malaria. Alirudishwa darasani, lakini kofi lilikuwa limeshampata.

Filamu tuliyokuwa tukiitazama ni The Winslow Boy ya mwaka 1948, ya Kiingereza, isiyo na rangi. Mwanafunzi wa chuo cha jeshi la majini amefukuzwa kwa madai ya kuiba hawala ya posta ya shilingi 5 za Kiingereza. Baba yake anamuuliza, bila kelele, kama kweli ameiba, na anamwambia kuwa uongo kati yao wawili hauwezi kufichika. Mtoto anakana. Mzee anamwamini, na kuanzia hapo anaitoa mali na afya yake kumtetea.

Kisa hiki kilitokea kweli. Mwaka 1908 George Archer-Shee, mwenye miaka 13, alifukuzwa chuo cha jeshi la majini cha Osborne, Uingereza. Wakati ule huwezi kuishtaki serikali ya Mfalme bila ridhaa yake, na ridhaa ilitolewa kwa maneno machache: haki na itendeke. Kesi ilisikilizwa Julai 1910, wakili wa George akiwa Sir Edward Carson. Mama wa posta, shahidi mkubwa, alikiri kwamba vijana wale wenye sare walifanana machoni pake. Siku ya nne serikali ikakubali kuwa mtoto hakuiba. George aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza, huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1914, akiwa na miaka 19 tu.

Terence Rattigan alikiandika kisa hicho kama tamthilia, na tamthilia yote inabaki sebuleni kwa akina Winslow. Alipoandika filamu pamoja na Anatole de Grunwald, wakatufungulia mlango wa mahakama na wa Bunge. Mwongozaji ni Anthony Asquith, na hapa huwa nasimama: baba yake, H. H. Asquith, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wakati wa kesi ile. Mtoto wa mkuu wa serikali ametengeneza filamu juu ya serikali iliyokosea.

Mzazi mwenzangu, itazame hasa pale Robert Donat, akiwa wakili Morton (ndiye Carson wa kwenye filamu), anapombana kijana kwa maswali makali hadi analia. Ndugu wanakasirika. Kisha wakili anasema mtoto hana hatia na kesi anaichukua. Sababu yake ni kwamba kijana alikiri mambo yaliyomuumiza mwenyewe, na alipoachiwa upenyo wa kujinasua hakuutumia. Mwongo angeutumia.

Basi siku ukipigiwa simu ile, kaa na mwanao peke yenu. Muulize mara moja kwa upole. Halafu muulize kama adui atakavyomuuliza: ulikuwa wapi, saa ngapi, nani alikuona? Usimrekebishie majibu, hata yakimchafua. Yaandike siku hiyo hiyo, kwa sababu baada ya wiki kila mtu atakuwa na lake. Omba tuhuma iwe ya maandishi, na omba kuona madaftari ya zahanati, ya mahudhurio, ya getini. Akikiri, nenda naye mkarudishe fedha, usimtume peke yake.

Filamu ina maneno mengi na inakwenda taratibu, kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka 12 atachoka. Kama mtaipenda, ipo nyingine ya 1999: Neil North, aliyekuwa yule mtoto mwaka 1948, humo anacheza waziri wa jeshi la majini, upande wa walioshtakiwa.

Usiku ule nilimwomba mwanangu msamaha, filamu ikiwa bado inaendelea. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nirudishe nyuma, kuna maneno ya wakili hakuyasikia.