Uso wa Mtoto Hauhitaji Seti ya Hatua Tano

Wiki iliyopita mama mmoja wa Manyoni aliniandikia kuniuliza ni seramu gani, yale majimaji mazito ya kupaka usoni, inayoufaa uso wa binti yake mwenye umri wa miaka 12, kwa kuwa mahafali ya darasa la saba yalikuwa yamebakiza majuma matatu tu na yeye alitaka, kama alivyosema mwenyewe, "mtoto ang'ae kwenye picha". Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikaifuta. Swali lake ni lile lile nililomuuliza muuza duka mmoja hapa mjini Dodoma miaka kadhaa iliyopita, na jibu nililopewa siku ile lilimgharimu mwanangu karibu mwaka mzima wa kukikwepa kioo. Kwa hiyo nimeona nimjibu hapa, mbele ya wazazi wote wanaonisoma, hata kama sehemu ya simulizi yenyewe bado inaniuma.

Sisi tulihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2019, na jambo la kwanza lililonishinda halikuwa kodi ya nyumba wala vumbi la barabarani, bali ngozi za watoto wangu. Kule pwani nilizoea kumwogesha mtoto, kumfuta, kumpaka mafuta kidogo, naye akabaki laini kutwa nzima, kwa sababu hewa yenyewe imejaa unyevu. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi inayobaki ni upepo na ukavu. Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi anameremeta, anafika shuleni amepauka. Wenyeji wanaijua hali hiyo wala hawaishangai. Mimi, niliyelelewa kuamini kwamba mtoto aliyepauka ni aibu ya mama yake, nilijiona nimeanza kushindwa kazi yangu.

Kisha yakaja maneno ya wifi yangu. Ilikuwa mwezi Julai, kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa ndugu yetu, katika kipupwe ambacho huku kwetu hukausha ngozi kuliko wakati mwingine wowote. Binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka 10 na yuko darasa la tano, alikwenda kumwamkia shangazi yake. Wifi akamshika kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga, akasema kwa sauti iliyosikika meza tatu: "Huyu mtoto kapauka, na vipele juu yake, utadhani hana mama." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu wifi ni wifi na mbele za watu hakuna namna nyingine, lakini usiku ule sikulala. Nayaandika haya waziwazi kwa sababu ninaamini kwamba sehemu kubwa ya vipodozi vinavyopakwa kwenye nyuso za watoto hununuliwa kwa ajili ya heshima ya mama, wala si kwa ajili ya ngozi ya mtoto.

Jumatatu iliyofuata nilimchukua binti yangu tukaenda kwenye duka la vipodozi. Yeye alikuwa amekwisha kuona kwenye simu yangu video za wasichana wa rika lake, wengi wao wa Marekani na Uingereza, wakijipaka chupa moja baada ya nyingine kabla ya kwenda shule, na majina ya vitu vile aliyajua kuliko mimi. Tulinunua seti ya hatua tano: sabuni ya uso yenye chembechembe za kusugulia, maji ya kufutia yenye asidi ya kuchubua iitwayo glaikoliki, seramu ya vitamini C, krimu ya usiku yenye retinoli, na kikopo cha "kung'arisha" ambacho lebo yake haikutaja kiungo hata kimoja. Muuza duka aliniambia kwamba seti ile inafaa kwa familia nzima. Fedha niliyolipa sitaitaja, kwa kuwa mume wangu naye husoma makala hizi.

Siku za kwanza uso uling'aa kweli, na nakiri kwamba nilimpiga mtoto picha nikamtumia wifi bila maneno yoyote. Siku ya tisa mwanangu aliniamsha alfajiri akisema kwamba maji yanamchoma. Mashavu yalikuwa yamevimba kidogo na kuiva, ngozi ikiambuka pembeni mwa pua, na kila alipotabasamu kona za midomo zilipasuka. Aliniuliza: "Mama, nimekuwa mbaya?" Sikuwa na jibu.

Hapo nilitenda kosa la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Badala ya kumpeleka kwa daktari, nilikimbilia duka la dawa la mtaani, nikapewa tyubu ya krimu "ya kutuliza". Ilituliza kwa siku tatu kiasi kwamba nilimshukuru Mungu. Nilipoiacha, hali ilirudi kwa kishindo, safari hii ikiwa na vipele vidogo vidogo vilivyouzunguka mdomo wote. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba tyubu ile ilikuwa na steroidi kali, dawa ya kushusha uvimbe na mwasho, iliyochanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria, na kwamba steroidi kali ikipakwa usoni bila usimamizi huifanya ngozi iwe nyembamba na kuizoesha, hata ikiachwa ngozi inalipuka upya. Mzazi mwenzangu, ukiambiwa dukani kwamba krimu fulani "inaondoa kila kitu", irudishe pale pale juu ya kaunta.

Daktari wa ngozi aliyemwona alikuwa mama wa makamo, mpole kwa mtoto na mkali kwangu. Aliniagiza nimletee kila chupa niliyonayo, akazipanga mezani, akaziondoa moja moja hadi meza ikabaki tupu. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: mtoto hupakwa nini kichwani? Akapitisha kidole kwenye mpaka wa nywele na paji la uso, akanionyesha kinavyoteleza. Vile vipele ambavyo wifi aliviona kwenye kipaimara vilikuwa vimeletwa na mafuta mazito ya nywele, ambayo nilikuwa nampaka kila asubuhi baada ya kumsuka, yakayeyuka kwa jua na kushuka kwenye paji la uso, yakaziba vinyweleo. Na kule kupauka kulitokana na mimi kumsugua kwa dodoki na sabuni ya kipande asubuhi na jioni, kisha kumpaka mafuta akiwa amekauka kabisa. Fedha yote ile, machozi yote yale, na tiba ilikuwa kupunguza mafuta ya nywele na kuacha kusugua.

Maelezo aliyonipa nimeyashika hadi leo. Ngozi ya mtoto ambaye hajabalehe ni nyembamba kuliko ya mtu mzima na hutoa mafuta kidogo sana ya kwake yenyewe. Juu yake kuna ukuta mwembamba unaozuia maji yasitoke na uchafu usiingie, na ukuta huo hupenda hali ya uasidi kidogo, ilhali sabuni nyingi za kipande ni za kialkali na huuvunja. Retinoli na asidi za kuchubua zilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima wenye mikunjo, ambao ngozi zao zimechelewa kujibadili. Ngozi ya mtoto inajibadili yenyewe kwa kasi, kwa hiyo kumpaka vitu hivyo ni kuudhoofisha ukuta huo unaoikinga, na juu ya hayo vinamfanya aungue kwa urahisi zaidi juani. Hata huko Ulaya wameanza kushtuka: mwaka 2024 maduka ya dawa ya Apotek Hjärtat nchini Sweden yalitangaza kwamba hayatawauzia watoto walio chini ya umri wa miaka 15 vipodozi vya aina hiyo bila idhini ya mzazi. Nilipoisoma habari hiyo nilinyamaza kwa muda, kwa sababu kwangu mimi mzazi ndiye aliyekuwa ametoa idhini, na fedha pia.

Basi tunachofanya nyumbani sasa ni kifupi mno kiasi kwamba naona haya kukiandika. Asubuhi binti yangu ananawa uso kwa maji peke yake, na jioni, akitoka shuleni na vumbi lake, ananawa kwa sabuni laini isiyo na manukato, kwa viganja vyake, bila dodoki na bila kusugua. Maji mengi ya hapa kwetu ni ya visima na yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu kwa urahisi, na kosa la kawaida ni kuongeza sabuni badala ya kusuuza vizuri. Mabaki yale yanayobaki usoni ndiyo yanayowasha. Anajifuta kwa kugandamiza taulo, na kabla uso haujakauka anapaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, au losheni ya kawaida isiyo na manukato wakati wa mvua ambapo hewa si kavu sana. Hapo kwenye "kabla haujakauka" ndipo penye siri yote ya Dodoma. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanayafungia tu yaliyopo. Ukimpaka mtoto aliyekwisha kukauka umefungia ukavu. Glisirini tupu, ambayo kule pwani niliiamini sana, huku niliiacha, kwa kuwa hewa isipokuwa na unyevu inaweza kuyavuta maji kutoka kwenye ngozi yenyewe. Bibi yao wa Mpwapwa anawapaka mafuta ya alizeti wakienda likizo, na sijaona ubaya wowote. Uso wanarudi nao vile vile walivyokwenda nao.

Jua ni suala linalostahili fedha kuliko seramu yoyote. Kofia yenye ukingo mpana na kivuli wakati wa mchana vinatangulia, na anayeweza kununua mafuta ya kuzuia jua yenye kiwango cha kinga cha SPF 30 au zaidi ayapake dakika chache kabla ya mtoto kutoka, na kuyarudia kila baada ya saa mbili akiwa nje. Kwa ngozi zetu nyeusi, alama zinazobaki baada ya vipele hukolea zaidi zikipigwa na jua, na ndivyo alama za binti yangu zilivyokaa muda mrefu namna ile. Kwa mtoto mwenye ualbino jambo hili si la hiari hata kidogo, na nchi yetu inajivunia kwamba mafuta ya Kilisun hutengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kwa ajili yao.

Wapo watakaoniuliza habari za chunusi, na ni kweli kwamba zinaweza kuanza hata kwenye umri wa miaka 8 au 9, homoni zinapoanza kuamka kabla ya dalili nyingine za kubalehe. Kaka wa binti yangu, mwenye umri wa miaka 13, anazo. Ananawa akitoka mpirani, anafua kofia yake, amekatazwa kuzitumbua, na inatosha. Zikizidi, zikiuma au zikianza kuacha makovu, mpeleke mtoto kwa daktari, wala usimsubirishe "atakua zitaisha", kwa sababu dawa zipo na makovu hayafutiki kirahisi. Mtoto mdogo wa chini ya umri wa miaka 7 akitoka chunusi, nenda mapema zaidi.

Lakini kuna jambo ambalo sitalisema kwa upole. Kile kikopo cha tano, cha kung'arisha, ni mlango wa mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kufifisha rangi ya ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini mwetu, na tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi uko mikononi mwa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, lakini hakuna mkaguzi atakayeingia bafuni kwako. Mzazi anayempaka mtoto wa miaka 10 kitu kisichotaja viungo, ili awe mweupe kidogo kwenye picha, anamfundisha kwamba rangi aliyozaliwa nayo ni kasoro. Binti yangu hakujiona mbaya hadi nilipomnunulia dawa ya ubaya. Tuacheni kuzigeuza nyuso za watoto kuwa matangazo ya uwezo wetu, tuacheni kuwashika videvu mbele ya wageni, na anayetaka kusema neno juu ya ngozi ya mtoto wa mwenzake amwite mama yake pembeni.

Sasa nakurudia wewe, mama wa Manyoni. Majuma matatu ni mafupi mno kwa kitu chochote kipya, kwa kuwa kikimkataa mtoto, mahafali yatafika akiwa anaambuka. Anza leo na kunawa jioni kwa sabuni laini, mafuta ya mgando kwenye ngozi yenye majimaji, mafuta ya nywele yasifike usoni, na midomo ipakwe asubuhi na usiku. Siku ya picha mpake kidogo zaidi kwenye mashavu, apigwe kivulini, si juani saa saba mchana.

Wifi yangu alitutembelea Krismasi iliyopita. Alitoka bafuni kwetu akauliza vitu vingine vya uso wa mtoto nimevificha wapi, maana ameona sabuni moja na kopo moja tu. Nilimwambia ndivyo vyote. Alitabasamu kwa namna yake, na sidhani kama aliniamini.