Re: Kununua shamba kijijini Newala

Mkuu, umeuliza kama ukinunua shamba na nyumba kijijini huko Newala, mkoani Mtwara, Tanzania, juu ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, utaweza kuishi. Ardhi usimalizane na mwenye shamba chini ya mwembe. Pitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, ndivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilivyo. Mikorosho hesabuni mti kwa mti, majirani wakiwepo. Kasheshe ni maji. Mchanga unanyonya mvua yote, chemchemi ziko chini bondeni. Nyumba ya makuti isiyo na bati wala tangi la kuvunia mvua, achana nayo. Usafiri? Bodaboda. Februari nilishuka mara tatu kusukuma, ndoo ya dagaa mkononi.