Hoja nzuri, lugha mbovu: usikimbilie kitabu cha sarufi

Mkuu, unasema mhadhiri amekuandikia "hoja nzuri, lugha mbovu" kwenye insha yako, na unauliza ununue kitabu gani cha sarufi. Usinunue kwanza. Mimi niliambiwa karibu hayo hayo nikiandika tasnifu ya umahiri. Sura ya pili ilirudi nyekundu tupu. Nikaazima vitabu vitatu vya sarufi maktaba. Nilichoambulia ni kiima, kiarifu na shamirisho, makosa yakabaki palepale.

Kilichonisaidia ni daftari. Niliorodhesha kila alama nyekundu katika zile kurasa 22, na kumbe makosa yenyewe yalikuwa matano tu, yanajirudia.

La kwanza, na sitashangaa na wewe ukiwa nalo: "utafiti ambao uliofanyika". Ukishaweka "ambao", hiyo "-o-" nyingine ya nini? Sema "utafiti ambao ulifanyika" au "utafiti uliofanyika". Mimi huchagua huu wa pili, ni mfupi. Halafu "ikiwemo", niliibandika popote: "wadau mbalimbali ikiwemo walimu". Wadau ni watu, kwa hiyo wakiwemo walimu. Changamoto zikiwemo, mambo yakiwemo. La tatu lilinitia aibu. Niliandika "swala la elimu" mara 11, msimamizi akanichorea pembeni mnyama mwenye pembe. Ni suala. Swala ni mnyama, yuko mbugani Mikumi.

La nne ni "h": "mwalimu ufundisha" badala ya "hufundisha". Nyumbani kwetu h hatuitamki, sikio halikunisaidia kitu.

La tano ndilo gumu, maana si la sarufi peke yake: "ambapo". "Utafiti ulifanyika Morogoro ambapo ulihusisha walimu 40 ambapo walijaza hojaji ambapo..." Ile ya kwanza angalau inashika mahali. Zilizobaki ni gundi tu. Weka nukta, anza sentensi mpya: "Walimu 40 walijaza hojaji." Utaona na hoja yenyewe inasimama.

Ukishapata orodha yako, pitia insha mara nyingi, kila mara ukiwinda kosa moja tu. Ukiyawinda yote kwa pamoja macho yanachoka ukurasa wa tatu. Kwenye kompyuta tafuta "amba", itakuletea zote. Kisha soma kwa sauti. Ukikatika pumzi kabla ya nukta, hapo pana ambapo.

Tupia hapa aya moja ya hiyo insha tuone yako ni yapi.