Swichi ya kamera kwenye Windows haifungi kila mlango

Aliyezoea simu huja kwenye kompyuta na imani moja: programu ikitaka kamera itaomba, na ukiikatalia basi imekatalika. Kwenye simu mambo huwa hivyo. Kwenye Windows hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki huwaponza wengi kwa sababu ukurasa wa ruhusa unafanana sana na ule wa simu: orodha ya programu, kila moja na swichi pembeni.

Windows inabeba programu za aina mbili. Za kwanza zimetengenezwa kwa mfumo wa Microsoft Store, na nyingi zinaishi ndani ya uzio. Haziwezi kugusa kamera, maikrofoni wala orodha ya majina bila kupita mlango unaolindwa na Windows yenyewe. Za pili ni zile unazopakua kama faili la .exe au .msi na kusakinisha mwenyewe: Chrome, Firefox, VLC, programu ya hesabu za dukani. Microsoft huziita desktop apps. Hapa tuziite programu za mezani, hata kama ziko kwenye laptopu. Programu ya mezani hufanya kazi kwa mamlaka ya akaunti yako. Faili unaloweza kulifungua wewe, nayo inaweza. Angalizo moja: siku hizi Store nayo inagawa programu za mezani, kwa hiyo mahali ilikotoka si ushahidi. Ushahidi ni orodha ambayo jina lake limo, kama tutakavyoona.

Majina ya menyu yameachwa kama yanavyosomeka kwenye Windows 11 ya Kiingereza. Windows 10 inakaribiana nayo, ila Microsoft ilimaliza kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna swichi ya faragha inayoweza kufidia tundu la usalama lisilozibwa.

Ukurasa wa kamera, swichi kwa swichi

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, ingia Privacy & security, shuka mpaka App permissions, kisha Camera. Mwenye haraka abonyeze Windows na R, aandike ms-settings:privacy-webcam, halafu Enter. Ukiweka microphone au location mahali pa webcam utafika kwenye kurasa hizo.

Swichi ya juu kabisa ni Camera access. Hiyo ni ya kompyuta nzima na watumiaji wake wote, na anayeweza kuigusa ni mwenye akaunti ya msimamizi. Ya pili, Let apps access your camera, inahusu akaunti yako tu, na chini yake ndipo kuna orodha yenye swichi ya kila programu. Hizi ni zile za ndani ya uzio; ukizima moja, imezimika kweli. Ikishakataliwa mara moja haitarudi kuuliza, kwa hiyo siku ukiihitaji lazima urudi hapa hapa kuiwasha.

Ya tatu ni Let desktop apps access your camera. Ni swichi moja kwa programu zote za mezani. Huwezi kuiruhusu ya mikutano ukaikatalia ile uliyoletewa na rafiki kwenye flashi. Zinaingia pamoja au zinabaki nje pamoja. Majina yaliyo chini yake yameambatana na saa ya mara ya mwisho kutumia kamera, bila swichi yoyote. Na hata swichi hiyo moja ina mipaka: Microsoft yenyewe inaeleza kwamba programu ya mezani inaweza isionekane kwenye orodha, na kwamba yenye draiva yake (programu ndogo inayoongea na kifaa moja kwa moja) inaweza kuifikia kamera bila kupita mlango huu. Windows Hello nayo huendelea kutumia kamera kukutambua uso hata ukiwa umezima kila kitu.

Kwa matumizi ya kawaida, mpangilio unaofaa ni huu: ya kwanza iwake, ya pili iwake lakini orodha yake ibaki na programu mbili tatu unazozitumia kweli, ya tatu iwake ikiwa unafanya mikutano kwa kivinjari au kwa programu ya mezani. Programu ya mezani usiyoiamini usihangaike kuizimia kamera. Iondoe. Kisha weka kifuniko juu ya lenzi, au kipande cha karatasi. Bei yake ni ndogo na hakihitaji masasisho.

Anayetaka kujua nani alitumia kamera na lini, ukurasa huo huo una sehemu ya Recent activity inayoonyesha siku 7 zilizopita. Mwenye shaka zaidi afungue regedit, yaani kihariri cha rejista ambamo Windows hutunza mipangilio yake, na kushuka mpaka hapa:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\CapabilityAccessManager\ConsentStore\webcam\NonPackaged

Kila folda ndogo hapo imepewa jina la njia ya programu, alama ya # ikiwa mahali pa mkwaju, mfano C:#Program Files#Google#Chrome#Application#chrome.exe. Ndani yake kuna LastUsedTimeStart na LastUsedTimeStop. Stop ikiwa 0, programu hiyo inaishika kamera sasa hivi, au ilianguka kabla ya kuiachia. Namba ndefu zinazoonekana huhesabu vipande vya nanosekunde 100 tangu tarehe 1 Januari 1601. Nakili ile ya Decimal, fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri), andika [DateTime]::FromFileTime(namba) ukiweka namba yako ndani ya mabano, nayo itakupa tarehe na saa. Tazama tu, usibadilishe kitu. Maikrofoni ina tawi lake pembeni, liitwalo microphone.

Maikrofoni, mahali, na vidogo vidogo

Maikrofoni inafuata utaratibu ule ule wa swichi tatu, na ina msaada wa ziada: ikitumika, alama yake hutokea kwenye mstari wa chini wa skrini karibu na saa. Weka kishale juu yake bila kubofya, utasoma jina la programu inayosikiliza.

Mahali ni suala tofauti kidogo. Laptopu nyingi hazina GPS. Windows hukisia ulipo kwa anwani ya IP na kwa Wi-Fi zilizo jirani. Ukizima Location services, saa haitajirekebisha yenyewe ukivuka ukanda wa muda, na Find my device haitajua kompyuta iko wapi ikiibwa. Kuna jambo linalowachanganya mafundi: kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, amri kama netsh wlan show networks hukataa kufanya kazi ikiwa mahali pamezimwa. Si hitilafu. Orodha ya Wi-Fi za jirani inatosha kumwambia mtu uko mtaa gani, kwa hiyo Windows sasa inaihesabu kuwa taarifa ya mahali.

Kurasa zilizobaki zipite haraka. Contacts, Calendar, Call history, Email na Messaging: acha zile tu zinazohitajika na programu ya barua au Phone Link (ile ya kuunganisha simu na kompyuta), funga nyingine. App diagnostics inaruhusu programu kuona programu nyingine zinazoendelea; funga. Kwenye Diagnostics & feedback zima Send optional diagnostic data.

Kivinjari ni nchi yenye sheria zake

Kwa macho ya Windows, Chrome ni programu moja. Ukishairuhusu kamera, tovuti ipi itaiona ni uamuzi wa Chrome, na hapa ndipo ruhusa nyingi hutolewa kwa bahati mbaya. Bofya alama iliyo kushoto kwa anwani ya tovuti, uone imeruhusiwa nini. Orodha nzima iko chrome://settings/content. Tovuti ya mkutano wa mara moja ipe Allow this time, ili ruhusa isibaki baada ya wewe kuondoka. Kwenye Firefox andika about:preferences#privacy, shuka hadi Permissions.

Balaa kubwa zaidi ya kamera ni arifa. Tovuti za mpira wa bure na filamu za bure huweka picha ya roboti na maneno ya kukutaka ubofye Allow ili uthibitishe kuwa wewe ni binadamu. Hakuna uthibitisho wowote. Umeipa tovuti ruhusa ya kukutumia arifa. Kuanzia siku hiyo, pembeni mwa skrini zinaruka kadi za kukutisha kwamba kompyuta ina virusi vitano na leseni ya antivirusi imeisha. Watu hupiga skani mara tatu na kukuta patupu, wengine hulipa fundi aiwekee Windows upya. Tiba ni ya dakika moja: chrome://settings/content/notifications, tafuta Allowed to send notifications, bofya nukta tatu mbele ya tovuti usiyoifahamu, chagua Block. Remove pia ipo lakini huiachia tovuti nafasi ya kukuomba tena. Ukiwa hapo, chagua tovuti zote zisiruhusiwe kuomba arifa. Utakachokosa hakitakuuma.

Viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezwa kwenye kivinjari, navyo vinahitaji jicho. Kinachosema kinaweza kusoma na kubadilisha data zako kwenye tovuti zote kinamaanisha hivyo hivyo, ukurasa wa benki ukiwemo. Fungua chrome://extensions, bofya Details, na kwenye Site access badilisha On all sites iwe On click. Kikiacha kufanya kazi kwa sababu hiyo, jiulize kigeuza PDF kilitaka nini kwenye barua pepe yako.

Mafaili hayana swichi

Kurasa za Documents, Pictures na Downloads folder zinahukumu programu za ndani ya uzio peke yake. Programu ya mezani inasoma folda zako zote bila kubisha hodi. Controlled folder access, iliyo ndani ya Windows Security chini ya Ransomware protection, inazuia programu isiyotambulika kubadilisha au kufuta mafaili. Kusoma haikuzuii, na inahitaji Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, iwe ndiyo inayofanya kazi.

Kinga halisi hapa ni akaunti tofauti. Nenda Settings, Accounts, Other users, Add account, na aina yake iwe Standard. Mwenye akaunti ya Standard hafungui folda za mwenzake, na swichi nyingi za faragha huhesabiwa kwa kila akaunti. Duka la stationery ambalo wateja huchapisha vyeti na kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ile ile inayotunza hesabu za duka lingepaswa kuwa na akaunti ya wateja tangu siku ya kwanza. Na mteja, kabla hujatoka dukani, fungua Linked devices kwenye simu yako uondoe kompyuta hiyo.

Kwa wanaotumia bando la simu: programu za uzio zizuie kufanya kazi nyuma ya pazia kwa kwenda Installed apps, nukta tatu, Advanced options, Background apps permissions, Never. Za mezani hazina kipengele hicho. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ingia Startup apps, uzime zisizo na sababu ya kuamka pamoja na kompyuta.

Kuna laptopu za mtumba ambazo swichi zake zimepauka na juu yake pameandikwa kwamba mipangilio inasimamiwa na taasisi. Angalia Accounts, kisha Access work or school. Ukikuta akaunti ya kampuni iliyoimiliki zamani, kompyuta bado ina bwana mwingine. Futa kila kitu na usakinishe Windows upya, na hali ikirudi baada ya hapo, mrudishie aliyekuuzia. Usipokuta akaunti, huenda kuna programu ya kuongeza kasi iliyoacha sera kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\AppPrivacy. Thamani LetAppsAccessCamera ikiwa 2 imekataza kwa nguvu. 0 inakurudishia uamuzi.

Wenye Mac wana unafuu. Tangu macOS Mojave ya 2018, kila programu lazima iombe kamera na maikrofoni, iwe imetoka App Store au la, na kila moja ina swichi yake. Nukta ya kijani juu ya skrini ni kamera, ya chungwa ni maikrofoni. Wanachokwama nacho ni kushiriki skrini: ukishatoa ruhusa ya kurekodi skrini, ifunge programu kabisa kwa Command na Q uifungue upya, la sivyo wenzako wataona pazia la nyuma tu bila madirisha yako.

Na kama mkutano umeanza na picha yako ni nyeusi, fuata mpangilio huu badala ya kugusa kila kitu. Kwanza kifuniko cha lenzi na kitufe cha kamera kwenye kibodi. Laptopu kadhaa zina kimoja kati ya safu ya F, na kikizimwa programu ya Camera inaweza kukuletea kosa 0xA00F4244, kana kwamba kamera haipo kabisa. Pili zile swichi tatu, kuanzia juu kushuka. Tatu ruhusa ya tovuti ndani ya kivinjari, kisha pakia ukurasa upya. Nne, angalia kama programu nyingine ya mikutano imefunguka nyuma na kuishikilia kamera. Hapo ndipo ile Stop yenye 0 inapokuonyesha ni ipi.